Bingwa ametoka sare na mchezaji wa chini: kwa nini alama zinampungua?

Oktoba 2023, katika raundi ya pili ya mashindano ya chesi ya Qatar Masters, Magnus Carlsen alifungwa na Alisher Suleymenov wa Kazakhstan. Carlsen alikuwa na Elo, yaani kiwango cha uchezaji, ya 2839, namba moja duniani. Mpinzani wake alikuwa na 2512. Matokeo ya aina hii yakitokea, mabishano huwa ni yale yale. Kuna wanaosema namba hizo hazina maana. Kuna wanaohisi pana jambo limefichwa. Na kuna wanaoshangaa kuona bingwa akiwashinda wachezaji wawili wa chini na kuambulia alama chache tu, kisha sare moja na wa tatu inazifuta zote.

Wote hao wanagombana na namba bila kuiuliza inasema nini. Tuanze na namba, kisha twende ubaoni, maana hesabu peke yake haielezi kwa nini mdogo, yaani mwenye Elo ya chini, hufungwa mechi ambayo ilikuwa sawa kwa sawa mpaka hatua ya 30.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Katika chesi ya mashindano, yaani sataranji inayochezwa kwa saa na mwamuzi, ushindi ni pointi 1, sare ni nusu, kufungwa ni sifuri. Pointi hizi ni za mashindano hayo tu, yakiisha nazo zimekwisha. Elo ni kitu kingine: ni kiwango ambacho mchezaji hutembea nacho kutoka mashindano hadi mashindano, kikipanda na kushuka. Jina limetokana na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani. Shirikisho la chesi la Marekani lilianza kuutumia mfumo wake mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Katika makala haya nikisema pointi nazungumzia matokeo ya mechi. Nikisema alama nazungumzia Elo.

Elo ya mtu mmoja, ikisimama peke yake, haisemi kitu. Mwenye 1800 hajui chesi mara mbili ya mwenye 900, na wala namba hiyo haipimi akili. Kinachosema ni pengo kati ya wawili, na kinachosemwa ni utabiri: wakikutana mara nyingi, kila mmoja atavuna wastani wa pointi ngapi. Kwa jedwali la FIDE, pengo la alama 100 linampa mkubwa, yaani mwenye Elo ya juu, wastani wa pointi 0.64 kwa mechi. Pengo la 200 linampa 0.76, la 300 linampa 0.85, na la 400 linampa 0.92. Wasio na pengo wanagawana, 0.50 kwa 0.50.

Fikiria utabiri wa hali ya hewa. Mtabiri akisema uwezekano wa mvua ni asilimia 85 na siku hiyo jua likawaka, hajakosea. Angekuwa amekosea kama katika siku 100 alizotabiri hivyo mvua ingenyesha 40 tu. Kati ya Carlsen na Suleymenov pengo lilikuwa 327, ambalo kwenye jedwali ni 0.87. Namba hiyo ilikuwa tayari imebeba ndani yake mechi kadhaa za kupoteza, isipokuwa haikutaja ni lini.

Hapa pana kosa linalofanywa hata na watangazaji: 0.85 husomwa kama nafasi ya asilimia 85 ya kushinda. Sivyo. Ni wastani wa pointi, na ndani yake mna sare. Mkubwa anaweza kushinda mechi 75 kati ya 100, akatoka sare 20 na kufungwa 5, na jumla ikawa pointi 85 zile zile. Kadiri wachezaji wanavyokuwa wazuri ndivyo sare zinavyoongezeka, kwa hiyo pengo lile lile la 300 huonekana tofauti kwa mabingwa na kwa wanaoanza. Wanaoanza hupigana hadi mmoja aanguke.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo ni fupi. Chukua pointi ulizopata, toa pointi ulizotarajiwa, zidisha kwa kizidishi chako. FIDE wana vizidishi vitatu. Cha 40 ni cha mchezaji mpya mpaka afikishe mechi 30, na cha vijana chini ya miaka 18 ambao Elo yao haijafika 2300. Cha 20 ni cha wengi waliobaki chini ya 2400. Cha 10 ni cha yeyote aliyewahi kufika 2400, hata kama ameshuka baadaye.

Tuwaweke mezani mwenye 2100 na mwenye 1800, wote watu wazima, wote wa kizidishi 20. Mkubwa akishinda, amepata 1 badala ya 0.85 iliyotarajiwa: ziada ni 0.15, mara 20, anaongezewa alama 3. Wakitoka sare, amepata 0.5 badala ya 0.85: pungufu ni 0.35, anakatwa 7. Akifungwa, anakatwa 17. Mdogo anapata kinyume chake: hasara ya 3 tu akifungwa, faida ya 7 kwa sare, na 17 kwa ushindi. Ndiyo maana bingwa hushikwa na uchungu wa sare. Sare moja inakula ushindi wake zaidi ya mara mbili, na kufungwa mara moja kunakula karibu ushindi sita.

Alama anazopoteza mmoja si lazima ziwe ndizo anazopata mwingine, ingawa wengi huamini hivyo. Huyo wa 1800 akiwa kijana wa miaka 15, kizidishi chake ni 40: akishinda anapata 34, wakati mpinzani wake anakatwa 17 tu. Kule Qatar wote wawili walikuwa wa kizidishi 10, kwa hiyo Carlsen alikatwa 8.7 na mwenzake akapata 8.7. Na kwa karibu wachezaji wote, pengo likizidi 400 huhesabiwa kana kwamba ni 400. Mwenye 2100 akimfunga mwenye 1500 anapata alama 1.6, si sifuri.

Kwa nini wanakutanishwa

Swali linalofuata huwa: nani alipanga mechi ya kuonea namna hii? Ni mfumo wa Uswisi, ambao ulitumika kwanza katika mashindano ya Zürich mwaka 1895 na leo ndio unaoendesha mashindano mengi ya wazi. Hakuna anayetolewa. Kila raundi unakutanishwa na mwenye pointi kama zako, na ndani ya kundi la pointi sawa, nusu ya juu kwa Elo inapambana na nusu ya chini. Raundi ya kwanza wote wana sifuri. Kwa hiyo wakiwa 100, namba 1 anakaa na namba 51, namba 2 na namba 52, hadi namba 50 na namba 100.

Hiyo ina maana kwamba pengo kubwa la raundi ya kwanza limetokana na utaratibu wenyewe, si bahati mbaya. Ina maana pia kwamba mchezaji wa katikati ya orodha hupanda na kushuka kama ndoo ya kisimani: anamshinda mdogo, anapelekwa juu kukutana na mkubwa, anafungwa, anarudishwa chini kwa mdogo mwingine. Anaweza kumaliza mashindano mazima bila kucheza hata mechi mbili na mtu wa kiwango chake. Anayejua hivyo mapema hashtuki.

Mdogo anapotezea wapi

Imani iliyoenea ni kwamba bingwa huona hatua ishirini mbele. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi ambaye naye alikuwa mchezaji mzuri, alilichunguza jambo hilo miaka ya 1940, akakuta mabingwa hawakuwa wakichimba mbele sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Walichozidi ni kwamba hatua walizozifikiria tangu mwanzo zilikuwa bora. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde chache kisha wakawataka waupange upya. Kama nafasi imetoka kwenye mechi ya kweli, bingwa alirudisha kete nyingi kuliko mgeni wa mchezo. Kete zilipotawanywa ovyo, tofauti yao ilikaribia kutoweka.

Ni jambo la kusoma. Mtu anayejua kusoma haoni herufi b-a-r-a-b-a-r-a, anaona barabara. Mvurugie herufi hizo naye atazihesabu moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Bingwa anasoma ubao kwa maneno, mdogo bado anaunganisha herufi, na anayeunganisha herufi huruka moja.

Mfano mmoja ninaoupenda unatoka kwa Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, mchezaji mashuhuri wa karne hiyo. Kwa asiyejua herufi za ubao: safu zimeitwa a hadi h kutoka kushoto kwa mweupe, na mistari 1 hadi 8 kutoka kwake kwenda mbele. Mweupe anasogeza askari e4, mweusi askari e5. Farasi mweupe f3, askari mweusi d6 kulinda. Askofu mweupe c4, askofu mweusi g4, akimbana farasi wa f3, maana nyuma ya farasi huyo yupo malkia mweupe pale d1. Farasi wa pili mweupe c3, askari mweusi g6.

Mdogo anajua sheria moja hapa: farasi aliyebanwa mbele ya malkia hatoki. Mkubwa anamtoa. Farasi wa f3 anakula askari wa e5 na kumwacha malkia wazi. Mweusi, moyo ukimwenda mbio, anamla malkia kwa askofu wake. Kisha askofu wa c4 anakula f7 na kutoa cheki, yaani kumshambulia mfalme. Mfalme hana pengine pa kwenda ila e7. Farasi wa c3 anaruka d5, na hapo ni chekimeti: mfalme ameshambuliwa na hana pa kukimbilia, ilhali mweusi ana malkia na mweupe hana. Lakini mweusi hakulazimika kumla malkia. Angemla farasi wa e5 kwa askari wa d6, malkia mweupe angemla askofu wa g4, na hasara yake ingekuwa askari mmoja tu. Kosa lake halikuwa kutojua mtego. Aliona zawadi akaacha kuuliza kwa nini imetolewa.

Mechi nyingi zenye pengo huisha kwa njia isiyo na madoido hata kidogo. Mkubwa anasubiri. Kati ya hatua ya 20 na ya 40, saa ikiwa imeliwa na kichwa kimechoka, mdogo anaacha kete bila ulinzi, au anasogeza kete iliyokuwa inalinda mbili kwa mpigo. Dawa inajulikana, ugumu ni kuitumia kila hatua bila kuruka hata moja: mpinzani akishacheza, angalia cheki zote anazoweza kutoa, kete zote anazoweza kula, kisha kipi hatua yake imeacha kukilinda. Mwenye 1800 hufanya hivyo hatua 37 kati ya 40. Zile tatu zilizobaki ndizo pengo lake la alama 300.

"Nitabadilishana kete zote nipate sare"

Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote wanaopewa wachezaji wa chini, na unasikika una akili: kete zikipungua, hatari imepungua. Hatari inapungua kweli. Kinachoongezeka ni uzito wa kila hatua iliyobaki, na mwisho wa mechi ndipo elimu ya mkubwa inapomzidi mdogo kwa mbali, kwa sababu wadogo wengi hujifunza mianzo na kuacha miisho.

Weka ubaoni kete tatu tu. Mfalme mweupe e5, askari mweupe e4, mfalme mweusi e7. Nani anashinda? Jibu linategemea zamu ni ya nani. Wafalme hawaruhusiwi kukaribiana, kwa hiyo wakitazamana huku mraba mmoja ukiwa katikati yao ni kama watu wawili waliokutana kwenye mlango mwembamba: anayelazimika kusogea ndiye anayetoa njia.

Ikiwa zamu ni ya mweusi, amekwisha. Akienda d7, mweupe anapita upande wa pili, f6. Mweusi anarudi e8, mweupe anakaa e6, mbele ya askari wake, na kutoka hapo askari atasindikizwa hadi mstari wa nane awe malkia.

Ikiwa zamu ni ya mweupe, ni sare, ila kwa sharti mweusi ajue hatua moja. Mweupe anaenda d5, mweusi anamfuata d7. Askari anasogea e5, mfalme mweusi anarudi e7. Askari anasonga e6. Sasa mweusi ana miraba mitatu ya kurudi nyuma: d8, e8 na f8. Mdogo asiyejua huona yote ni sawa. Akienda d8, mweupe anaweka mfalme d6. Mweusi anakwenda e8, askari anafika e7, mfalme mweusi analazimika kwenda f7, mfalme mweupe anaingia d7, na askari anakuwa malkia. Akirudi moja kwa moja e8, mambo ni mengine kabisa: mweupe d6, mweusi d8, askari e7 na cheki, mweusi e8. Mweupe amebaki na chaguo mbili, amwache askari aliwe, au aweke mfalme e6, ambapo mweusi hashambuliwi lakini hana hatua halali hata moja. Huo ni mkwamo, na mkwamo ni sare.

Ni mraba mmoja tu. Kwa hiyo mdogo akitaka kubadilishana kete, kwanza ajiulize anaelekea nafasi gani na kama anaijua, maana mpinzani wake anaijua.

Kinyume chake nacho hakifai, yaani kuvuruga ubao kwa mashambulizi yasiyo na msingi kwa matumaini kwamba mkubwa atachanganyikiwa. Atayala mashambulizi hayo na kuomba nyongeza. Kinachompa taabu ni mpinzani anayeweka kete zake mahali pazuri, asiyemwachia cha kula, na anayemlazimisha afanye kazi hatua 60. Mwenye haja ya kushinda ni mkubwa, na mwenye haja ndiye hujihatarisha.

Saa na karatasi

Mpangilio wa kawaida wa mechi ndefu ni dakika 90 kwa hatua 40, kisha dakika 30 hadi mwisho, na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua tangu ya kwanza. Mdogo mara nyingi hucheza haraka akidhani anamtia mwenzake presha. Anachofanya ni kumnyima mtu mmoja tu muda wa kufikiri, naye ni yeye mwenyewe. Ukimaliza mechi ya saa tatu umetumia dakika 25, umecheza chesi ya haraka dhidi ya mtu aliyecheza ndefu.

Kanuni hazijali Elo. Ukiigusa kete yako kwa makusudi na ina hatua halali, lazima uisogeze. Hatua haramu ya kwanza inampa mpinzani dakika mbili za ziada, ya pili inakupotezea mechi. Ombi la sare hutolewa baada ya kusogeza kete na kabla ya kubonyeza saa. Kuliomba tena na tena dhidi ya mkubwa huhesabiwa kuwa usumbufu, na mwamuzi anaweza kukuadhibu.

Kanuni inayowaponyoka wadogo kuliko zote ni ya nafasi kurudiwa mara tatu. Mkubwa amezembea, mdogo amepata njia ya kumpa mfalme cheki ile ile huku na huku, sare iko mkononi. Kisha anasogeza kete, anabonyeza saa, na ndipo anasema "imerudiwa." Amechelewa. Kama hatua yako ndiyo itakayoleta nafasi hiyo kwa mara ya tatu, unaiandika kwenye karatasi yako ya kurekodi hatua bila kuigusa kete, unasimamisha saa, unamwita mwamuzi na kumwambia unakusudia kuicheza. Ukiigusa kete kwanza, haki ya kudai imekwenda kwa hatua hiyo. Na kama karatasi yako imeandikwa vibaya, utapata shida kuonyesha nafasi ilitokea lini, na dai likionekana si sahihi mpinzani anaongezewa dakika mbili. Kuna kinga ya mwisho, kwamba ikirudiwa mara tano mwamuzi husimamisha mechi bila kuombwa, lakini mkubwa hatakubali kuburutwa hadi huko.

Mwamuzi akithibitisha, wote wawili wanaandika nusu kwa nusu na kutia saini karatasi zote mbili. Mwenye 1800 anaondoka na alama 7. Mwenye 2100 atahitaji kuwafunga wengine watatu kama huyo ili azirudishe zote.